Maradhi Yaliyofichwa na Aibu

Msomaji wangu, mahali paitwapo Korbesa, katika sehemu ya Merti, Kaunti ya Isiolo, maji ni kitu cha heshima. Nchi ile ni kavu, na mama wa nyumba huipima siku yake kwa maji: haya ya kunywa, haya ya kupikia, haya ya ndama na wana-mbuzi. Katika nchi ya namna hiyo kufua nguo kila siku ni anasa. Sasa mfikirie mwanamke ambaye yampasa kufua mara nne au tano kwa siku moja, tena asiweze kumwambia mtu sababu yake. Akicheka, nguo hulowa. Akikohoa, nguo hulowa. Akijitwika mtungi wa maji, maji mengine humtoka yeye mwenyewe. Hatimaye huacha kucheka, huacha kwenda arusini, hukaa mbali na wenziwe kwa kuchelea harufu. Wenziwe humdhania kuwa ana kiburi, kumbe ana maradhi.

Wanawake wa hali hiyo hawako Korbesa peke yake. Wako Nairobi na London, Zanzibar na New York. Insha hii ni historia fupi ya namna dawa ya maradhi yao ilivyotafutwa. Nimeichagua kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo wewe, msomi wa kesho, hutaweza kulikwepa: elimu ya tiba hupatikana kwa mwili wa nani, na kwa ridhaa ya nani?

Kwanza yatupasa kuyafahamu maradhi yenyewe. Mkojo hukaa katika kibofu kama maji yakaavyo katika kiriba. Shingo ya kiriba hufungwa kwa kamba. Shingo ya kibofu hukazwa na misuli iliyotandaa chini ya nyonga. Kiriba chaweza kuvuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kamba kulegea: ukikibana kiriba, maji huchuruzika shingoni. Ndivyo awavyo mwanamke ambaye misuli yake imelegea kwa kuzaa au kwa umri. Kila tumbo linapokazwa kwa kikohozi, kicheko au mzigo, mkojo humponyoka. Njia ya pili ni ngozi ya kiriba kutoboka: hapo maji hutoka usiku na mchana, na kukaza kamba hakufai kitu. Tundu la namna hii huitwa fistula. Aghalabu hutokea mama anaposhikwa na uchungu siku mbili au tatu na mtoto asitoke. Kichwa cha mtoto hugandamiza kibofu juu ya mfupa wa nyonga, damu haipiti, nyama hufa, na baada ya siku chache hubanduka na kuacha tundu. Mara nyingi mtoto naye huwa amekwisha kufa. Basi mama hurudi nyumbani bila mtoto, tena akivuja.

Maradhi haya ni ya kale. Katika Misri, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, aliishi mwanamke aitwaye Henhenit katika nyumba ya mfalme Mentuhotep wa Pili. Alipokufa mwili wake ulihifadhiwa kwa desturi ya Wamisri. Karne nyingi baadaye wataalamu waliuchunguza, na mwaka 1935 ikaelezwa kwamba kibofu chake kilikuwa na tundu kubwa na nyonga yake ilikuwa nyembamba. Ukubwa wa nyumba ya mfalme haukumwokoa. Tangu zama zake mpaka karne ya 19 wanawake walivuja, na waganga wa Mashariki na wa Magharibi hawakuwa na njia ya hakika ya kuliziba tundu hilo.

Njia hiyo ilipatikana Marekani, na jinsi ilivyopatikana yasikitisha. Katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, alikuwako daktari aliyeitwa James Marion Sims. Kati ya mwaka 1845 na 1849 aliwakusanya wanawake watumwa waliokuwa na fistula katika nyumba ndogo nyuma ya makazi yake, akawapasua mara kwa mara akitafuta namna ya kushona tundu lisifumuke. Majina ya watatu kati yao tunayajua: Anarcha, Lucy na Betsey. Hawakuwa na uwezo wa kukataa, maana sheria iliwahesabu kuwa mali, na ruhusa iliyotakiwa ilikuwa ya mabwana zao. Walipasuliwa bila ya dawa ya usingizi. Lucy alikaribia kufa. Anarcha alipasuliwa takriban mara 30, na mwaka 1849, Sims alipotumia uzi wa fedha badala ya hariri, tundu likashika. Mwaka 1852 Sims alichapisha habari za ushindi wake, akapata sifa Marekani na Ulaya, na baadaye akasimamishiwa sanamu mjini New York. Wanawake wale hawakuacha hata mstari mmoja wa maandishi yao. Lililo ajabu zaidi ni kwamba, wasaidizi wa Sims walipochoka na kumwacha, ni wanawake hao waliofundishwa kumsaidia katika kupasuana wao kwa wao.

Huenda ukauliza: je, si kweli kwamba wanawake wengi wamepona kwa njia ya Sims? Ni kweli, na mishono ya leo imetokana na kazi ile. Walakini faida haifuti dhuluma. Mtu aweza kula matunda ya mti na bado akauliza ni nani aliyeupanda kwa mijeledi. Watu waliendelea kuuliza hivyo, hata mwezi Aprili 2018 sanamu ya Sims ikaondolewa katika bustani ya Central Park mjini New York. Na mwaka 2021 katika mji ule ule wa Montgomery zikasimamishwa sanamu za Anarcha, Lucy na Betsey, kazi ya msanii Michelle Browder.

Sasa turudi kwetu. Usidhani kwamba Afrika ya Mashariki ilikaa ikingoja elimu kutoka ng'ambo tu. Mwaka 1879 daktari Mwingereza, Robert Felkin, akipita katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo, alishuhudia mganga wa huko akimpasua tumbo mama aliyeshindwa kujifungua. Mama alileweshwa kidogo kwa pombe ya ndizi. Mganga akanawa mikono kwa pombe hiyo na kuliosha tumbo. Alichanja kwa ustadi, akamtoa mtoto, na jeraha likafungwa kwa vijiti vya chuma na nyuzi za gome. Felkin alichapisha habari hiyo mwaka 1884, akaeleza kwamba siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Wakati huo katika Ulaya upasuaji wa namna hiyo uliwaua akina mama wengi. Nakueleza hayo kwa sababu mbili. Kwanza, dawa bora ya fistula ni kumzalisha mama kabla tundu halijatokea, na waganga wa Bunyoro walikuwa na njia ya kumwokoa mama aliyekwama. Pili, ufundi wa namna ile haupatikani kwa siku moja. Hapana shaka ulitokana na kutazama, kujaribu na kukumbuka kwa muda mrefu. Kilichokosekana ni maandishi ya wenyewe.

Mwaka 1959 madaktari wawili, mtu na mkewe, waliwasili Addis Ababa kwa mkataba wa kufundisha wakunga. Mume, Reginald Hamlin, alikuwa mtu wa New Zealand. Mke, Catherine, alikuwa wa Australia. Katika nchi zao fistula ilikuwa karibu kusahauliwa, kwa kuwa akina mama walizaa karibu na hospitali. Ethiopia waliwakuta wanawake waliosafiri kwa siku nyingi, wengine wakiwa wametelekezwa na waume zao. Wakajifunza upasuaji huo kwa vitabu na kwa mazoezi, na mwaka 1974 wakaanzisha hospitali ya fistula peke yake. Reginald alifariki mwaka 1993, na Catherine mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 96. Hospitali yao na matawi yake imewatibu wanawake zaidi ya 60,000.

Lakini mtu ninayetaka umkumbuke zaidi ni Mamitu Gashe. Alikuwa msichana wa kijijini, hajui kusoma wala kuandika. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 alifikishwa kwa akina Hamlin baada ya uzazi uliokwama siku kadhaa. Alipopata nafuu alibaki hospitalini akitandika vitanda. Akawa akishika taa na vyombo wakati wa upasuaji, akatazama, akajifunza, akaruhusiwa kushona, na mwisho akawa mpasuaji wa kutegemewa, akiwafundisha madaktari waliotoka vyuoni. Mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji mjini London kiliwapa yeye na akina Hamlin medali ya dhahabu. Linganisha, msomaji, Mamitu na Anarcha. Wote wawili waliugua ugonjwa mmoja, na wote wawili walisimama kando ya meza ya upasuaji wakimsaidia daktari. Mmoja aliwekwa pale kwa nguvu na historia ikamnyima sauti. Mwingine alibaki kwa hiari yake, akafundishwa, akaheshimiwa.

Kadiri madaktari wa fistula walivyofanya kazi, waligundua jambo lililowahuzunisha. Wanawake si wachache waliozibwa tundu barabara waliendelea kulowa walipokohoa au kutembea. Ngozi ya kiriba ilikuwa imeshonwa, lakini kamba ilikuwa imekufa pamoja na nyama iliyobanduka. Ikawa lazima kutafuta dawa ya maradhi yale ya kwanza, ya kamba iliyolegea. Daktari Andrew Browning wa Australia, aliyefanya kazi Ethiopia na baadaye Tanzania, alichapisha mwaka 2004 njia ya kutumia misuli ya mama mwenyewe kama mkanda wa kuinua njia ya mkojo, wakati ule ule wa kushona tundu.

Kwingineko duniani dawa ya kamba iliyolegea ilikuwa ikitafutwa pia, na humo mna mafundisho mawili. La kwanza ni la unyenyekevu. Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Los Angeles alieleza kwamba misuli ya nyonga yaweza kuimarishwa kwa mazoezi, kama mkono wa mpiga makasia. Mwanamke huikaza misuli ile kana kwamba anazuia mkojo, huhesabu kidogo, huilegeza, kisha hurudia; hufanya hivyo kila siku kwa miezi kadhaa. Dawa hiyo haina bei wala kisu, na kwa hiyo wengi waliidharau. Lakini mwaka 2018 wataalamu walipoyajumlisha majaribio mengi, waliona kwamba katika wanawake wenye maradhi haya waliofanya mazoezi, 56 katika kila 100 walisema wamepona. Katika wale wasiotibiwa walikuwa 6 tu. Yako maradhi makubwa ambayo mazoezi hayawezi kuyaondoa. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2013, la wanawake 460, lilionyesha kuwa waliopasuliwa walipata nafuu kuliko waliopewa mazoezi peke yake. Hata hivyo, busara ni kuanza na lisilodhuru.

La pili ni la tahadhari. Mwaka 1996 Ulf Ulmsten wa Sweden na wenzake walieleza upasuaji mpya: utepe mwembamba wa plastiki hupitishwa chini ya njia ya mkojo ili kuishikilia. Kazi hiyo ilikwisha kwa muda mfupi, na mgonjwa alirudi nyumbani upesi. Habari zikaenea, na madaktari wa nchi nyingi wakaupokea utepe huo. Jaribio moja kubwa la Uingereza na Ireland lililoulinganisha na upasuaji wa zamani, la wanawake 344, lilichapishwa mwaka 2002, wakati utepe ulikwisha kuenea, na matokeo yake ya kwanza yalihesabu miezi 6 tu. Ama wanawake wengi walisaidika kweli. Lakini plastiki hukaa mwilini maisha, na miezi 6 si maisha. Baada ya miaka wakatokea wanawake wenye maumivu makali, ambao plastiki ilikuwa imewala nyama, na kuitoa ilikuwa kazi ya hatari. Walipolalamika, wengi waliambiwa kwamba hayo ni mawazo yao. Waliungana, wakapaza sauti, na mwezi Julai 2018 Uingereza ilisimamisha upasuaji huo mpaka masharti ya usalama yatimizwe. Mwaka 2020 tume iliyoongozwa na Julia Cumberlege ilitoa taarifa yake, ikakiri kwamba wanawake hao hawakusikilizwa. Tazama basi: hawa hawakuwa watumwa, nao waliishi katika nchi tajiri, walakini sauti ya mgonjwa ilidharauliwa tena.

Je, uchunguzi wa haki waweza kufanywa? Waweza, na mfano wake uko karibu nasi. Mama akishonwa fistula huwekewa mpira wa mkojo ili kibofu kisijae na kuufumua mshono. Mpira ukae siku ngapi? Madaktari wengi walizoea siku 14, wengine zaidi, kila mmoja kwa mazoea yake. Siku 14 ni kitanda kimoja kilichoshikwa kwa majuma mawili, na huku nje wako wanawake wanaongoja. Lakini kuutoa mapema bila ya hakika kungeweza kumrudisha mama katika msiba wake. Basi kuanzia mwezi Machi 2012 hadi Mei 2013 lilifanywa jaribio katika nchi 8 za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda, Ethiopia na Kongo. Wanawake 524 wenye fistula nyepesi, waliokubali wenyewe kushiriki, walifanyiwa upasuaji. Siku ya saba, wale ambao mshono wao ulikuwa umeshika walipangwa kwa kura: 261 watolewe mpira siku hiyo, na 263 wangoje mpaka siku ya 14. Kura ni jambo la hekima hapa. Daktari akichagua mwenyewe, aweza bila kujua kuwapa siku chache wale wenye nguvu, kisha akaisifu dawa kwa nguvu zisizo zake.

Wakafuatwa kwa miezi 3. Katika wanawake 250 wa siku 7 waliohesabiwa, mshono ulifumuka kwa 10. Katika 251 wa siku 14, ulifumuka kwa 8. Yaani muda mfupi haukuwa na hasara ya maana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba kwa fistula nyepesi mpira ukae siku 7 hadi 10. Zingatia neno hili, msomaji. Wanawake 524, wengi wao maskini, waliikubali kura, na kwa ridhaa yao vitanda vilivyomtosha mama mmoja sasa vyaweza kuwatosha wawili. Wale hawakuwa vyombo vya daktari. Walikuwa washiriki katika kuitafuta elimu, na deni letu kwao ni kubwa.

Hata hivyo, elimu iliyopatikana haimfikii mtu kwa kupatikana tu. Mama wa Korbesa akishikwa na uchungu usiku, kati yake na mji wa Isiolo iko safari ndefu ya barabara ya vumbi, na wakati wa mvua ni matope. Ikiwa wazee wamechelewa kukata shauri, kisha gari limechelewa kupatikana, kisha hospitali imechelewa kumpokea, ucheleweshaji huo mara tatu ndio unaotoboa kibofu. Kuna walioifikiria shida ya njia. Tangu mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imetumia M-Pesa kuwapelekea nauli wanawake wa mbali wenye fistula, ili umaskini wa tiketi usiwazuie kutibiwa. Lakini kabla ya nauli kutumwa, sharti mtu aseme, "Mimi naugua." Na hapo ndipo aibu inapotushinda.

Wahenga walisema kuwa mficha uchi hazai. Nao waliongeza kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwanamke anayevuja mara nyingi hafi upesi. Huumbuliwa kila siku na nguo yake mwenyewe. Anaficha kwa sababu anajua kwamba tutacheka. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya dawa yake haiko hospitalini, iko mdomoni mwetu. Kijana asiyecheka, msichana anayemwambia mama au shangazi yake kwamba hali hii ni ugonjwa na kwamba ina tiba, mwalimu anayeieleza darasani bila kuona haya, hao wote wamefupisha safari ya mgonjwa kabla gari halijawashwa.

Nawe, msomaji, kama siku moja utakuwa daktari au mkunga, au kama wewe mwenyewe utaombwa kushiriki katika jaribio la dawa, kumbuka nyumba ile ndogo ya Montgomery. Uliza: mgonjwa ameelezwa kwa lugha anayoijua? Anaweza kukataa bila kunyimwa matibabu? Atafuatwa kwa muda gani, na akilalamika atasikilizwa na nani? Maswali hayo hayaipingi elimu. Anarcha hakupewa nafasi ya kuyauliza. Sisi tunayo.